Ukianguka kesho kwa spidi arobaini: jinsi ya kujivika kabla hujapanda pikipiki

Wakuu, naanza na ajali yangu mwenyewe maana bila hiyo nisingekuwa na cha kuandika. Saa moja asubuhi, natoka Goba naelekea kazini na Boxer yangu, spidi haifiki 40, mvua ilinyesha usiku na pale kwenye kona maji yalishusha mchanga kutoka barabara ya vumbi ukatandika juu ya lami, mchanga wenyewe mwembamba kama umepakwa kwa brashi. Nikagusa breki ya mbele kidogo tu. Tairi la mbele likaondoka kama kuna mtu amelivuta kwa kamba, na kabla sijamaliza kusema "ee" niko chini ubavu wa kushoto, naserereka, na pikipiki inaserereka mbele yangu inatoa cheche. Hamna gari lililonigonga, sikunywa, sikuwa nashindana na mtu. Nilikuwa naenda kazini kama siku zote.

Nilivyovaa siku hiyo: helmeti ya kufunika uso mzima, niliyoinunua mwezi mmoja tu nyuma baada ya mama watoto kunisumbua sana, koti la jinzi la mtumba, suruali ya kitambaa ya ofisini, viatu moka, na mikono mitupu. Sasa cheki lami ilivyogawa. Helmeti ilikwanguka sehemu ya kidevu, eneo la upana wa kiganja, rangi imeisha yote na plastiki inaonekana. Nilipoivua kitu cha kwanza nilipapasa kidevu, nikakikuta kipo na ndevu zake. Koti la jinzi lilitoboka kwenye kiwiko lakini ngozi ilichubuka kidogo tu. Suruali ya kitambaa kwenye goti haikuchanika, iliyeyuka, yani ilipotea, na ngozi ya goti ikaenda nayo. Moka ya kushoto ilichomoka nikaletewa na mama muuza maandazi, ilikuwa upande wa pili wa barabara, na enka imeshavimba kama embe. Na viganja ndo usiseme, maana ukianguka mikono inatangulia yenyewe hata hujaiamuru, kiganja cha kushoto nyama ya chini ya kidole gumba ilifunuka kama ganda la chungwa.

Hospitali nesi alinisafisha na brashi. Sio pamba, brashi, kama ile ya kucha. Akaniambia "vumilia kaka, huu mchanga ukibaki humu ngozi inaufungia ndani, utakaa na weusi wa lami mkononi mpaka uzeeke." Nikavumilia kwa kelele. Wiki mbili nililishwa ugali na mke wangu, siwezi kufunga kifungo cha shati, siwezi kukamua dawa ya meno, mambo mengine ya chooni naomba tuyapite.

Glavu za pikipiki dukani wakati ule zilikuwa elfu 30. Niliziona nikasema mwezi ujao.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kununua mavazi ya pikipiki kwa mtu wa kipato cha kawaida, unayekwenda nayo kazini au unayekula kwa bodaboda, sio kwa wale wa mapikipiki makubwa ya Jumapili, wale wana hela na wana duka lao. Na kabla hujasema "mimi sikimbizi" naomba nikupe kitu kimoja. Kuna utafiti maarufu wa Marekani unaitwa Ripoti ya Hurt, jina la aliyeuongoza, Harry Hurt, ulitoka mwaka 1981, walichunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles kwa kwenda mpaka eneo la tukio. Walikuta kwamba spidi ya katikati kabla ya hatari kutokea ilikuwa kama 48 kwa saa, na mpaka kufikia kugongana ilikuwa imeshuka mpaka kama 35. Thelathini na tano! Hiyo ni spidi ya kuwahi daladala. Na walikuta kwamba tangu hatari inapoanza mpaka unapogonga dereva alikuwa na kama sekunde mbili hivi. Sekunde mbili hujafunga mkanda wa helmeti uliyoitundika kwenye hendeli, hujavaa kitu. Ulichotoka nacho nyumbani ndo utaangukia nacho.

Halafu kuna hesabu nyingine ya darasani ambayo mtu akiielewa anaacha ubishi. Kichwa chako ukiwa umekaa juu ya pikipiki kiko kama mita moja na nusu kutoka chini. Kikidondoka tu kutoka hapo, pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kinafika chini na spidi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Ndo maana unasikia mtu kaanguka kijiweni na pikipiki haitembei na hakuamka.

Anza na kile ambacho hakitengenezeki

Hela ikiwa ndogo usinunue kila kitu kibovu kwa pamoja, nunua kimoja kimoja kizuri, na mpangilio ni huu: kichwa, mikono, miguu kuanzia enka kushuka, halafu magoti na viwiko, halafu mgongo na mengineyo. Mfupa wa paja unawekewa chuma, ngozi inaota au inahamishwa kutoka sehemu nyingine, hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, linakaa linatolewa. Ubongo hauna hogo. Ndo maana kama una laki mbili tu, laki na nusu iende kwenye helmeti na nyingine kwenye glavu, na koti lisubiri.

Madaktari walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakazijumlisha, majibu ya mwaka 2008 yanasema helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42 na kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Sio mia kwa mia, na asikudanganye muuzaji. Lakini tafuta kitu kingine cha bei hiyo kinachokupa hivyo.

Na haya mambo hayajaanza jana. Mwaka 1935 yule mwanajeshi Mwingereza T.E. Lawrence, Lawrence wa Arabia, alianguka na pikipiki yake akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, hana kitu kichwani, akafa siku sita baadaye akiwa na miaka 46. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo, aliendelea kufuatilia vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi mpaka akaandika mwaka 1941 kuonyesha tofauti ya wenye helmeti na wasio nazo. Wakati tunabishana kijiweni kwamba helmeti inavunja shingo, kuna mtu alishaipigia hesabu kabla babu zetu hawajaoa.

Helmeti, hapa tukae kidogo

Kwanza ujue inafanyaje kazi, ukijua huibiwi. Ganda la nje linasambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha. Kazi yenyewe inafanywa na kile kipande cheupe au cheusi cha ndani, povu gumu, ndugu yake lile linalokuja na boksi la TV ila hili limeshindiliwa zaidi. Linapopigwa linabonyea, na kule kubonyea ndo kunakopunguza mshtuko kabla haujafika kwenye ubongo. Kile kitambaa laini na sponji unachokigusa na mashavu ni cha kukufanya ukae vizuri tu, hakikuokoi na chochote.

Sasa nenda kwenye helmeti nyingi za barabarani, zile za elfu 20 na kitu, ingiza kidole kati ya kitambaa na ganda, ukivuta kitambaa kidogo uone ndani. Nyingine hazina povu gumu kabisa, ni plastiki halafu sponji ya godoro. Hiyo sio helmeti, hiyo ni ndoo yenye mkanda. Inazuia trafiki, basi. Povu zuri ukilibonyeza na kidole gumba linakuwa gumu, halibonyei kama sponji, na lina unene kama wa sentimita mbili na nusu hivi, na linazunguka mpaka kisogoni. Angalia na sehemu ya kidevu pia, kuna helmeti zinazofunika uso lakini kidevuni ni plastiki tupu haina povu ndani. Mimi nilitua na kidevu, kwa hiyo hapo siwezi kukusamehe.

Alama: shika mkanda wa kidevuni, kwa helmeti zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya utakuta kitambaa kidogo kimeshonwa, kina duara lenye herufi E na namba pembeni yake, namba ni ya nchi iliyotoa kibali, mfano E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E9 Hispania, E11 Uingereza. Chini kuna namba ndefu, ikianza na 05 ni kiwango cha zamani kidogo, ikianza na 06 ni kipya zaidi ambacho wanapima hadi kichwa kinavyozungushwa kwa pigo la pembeni. Zote mbili ni nzuri kuliko ulichonacho. Ukikuta herufi P baada ya namba kidevu kimepimwa kama kinga, J ni ya uso wazi, na zile za kukunjua juu ukiona P/J maana yake imepita zote mbili, ila NP maana yake kile kidevu ni cha urembo. Ile stika ya DOT nyuma ni ya Marekani na huko mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe kisha serikali inakuja kukagua baadaye, kwa hiyo stika peke yake ni karatasi tu, hata mimi naweza kuchapisha. Alama za mashirika ya viwango, TBS kwetu Tanzania na KEBS kwa majirani Kenya, nazo ziangalie, lakini bado tumia kidole gumba.

Saizi watu wanakosea sana, wananunua kubwa ili "ipumue". Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na upite kwenye kisogo kilichotokeza, upate sentimita. Wengi wetu wanaume tunaangukia kati ya 57 na 60. Kila kampuni ina chati yake ya saizi kwa hiyo soma ya hiyo helmeti. Ukivaa, mashavu yabinywe mpaka uonekane kama mtoto aliyenuna, ila paji la uso lisiume. Kaa nayo dukani dakika kumi au kumi na tano, muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Ikianza kuuma sehemu moja kwenye paji ujue umbo la kichwa chako na lake haviendani, badilisha aina sio saizi. Halafu jaribio la mwisho, funga mkanda uwe na nafasi ya vidole viwili tu, inamisha kichwa, shika ukingo wa nyuma wa helmeti kisogoni uisukume kwenda juu na mbele, kwa nguvu kweli. Ikitoka, dukani imetoka, barabarani itatangulia kabla yako.

Mtumba wa helmeti hapana. Nasema mimi niliyevaa mitumba tangu shule ya msingi. Shati la mtumba unaona limechanika wapi, helmeti povu likishabonyea limekufa na kwa nje unaweza usione kitu, limeshatumika mara yake moja. Na yako mwenyewe ikishapigwa na kichwa kikiwa ndani, imekwisha. Hata bila ajali baada ya kama miaka mitano ya jasho na jua ibadilishe.

Na tuache kuitundika kwenye saiti mira, wakuu. Kile kichwa cha kioo kinachimba povu kidogo kidogo kila siku. Usiiweke juu ya tenki karibu na mfuniko wa mafuta, mvuke wa petroli unalila povu, na usisafishe na petroli wala tina wala usiipige rangi ya kopo. Maji na sabuni ya kawaida. Kioo kikichubuka mpaka taa za magari usiku zinachanua kama maua, nunua kioo kipya, na kile cheusi ni cha mchana tu hata kama kinakupendeza.

Mikono

Glavu. Angalia kiganja kiwe na ngozi mbili au kipande kigumu chini ya kidole gumba na upande wa kidole kidogo, hapo ndo panapotua, na kikiwa kigumu mkono unateleza juu ya lami badala ya kung'ang'ania ukavunja kifundo. Mkanda wa kifundoni ni lazima, glavu isiyofungwa inavuka kama soksi. Zile za vidole wazi sizielewi, labda kama vidole vyako huvihitaji.

Kama glavu za pikipiki hazipatikani ulipo, nenda duka la vifaa vya ujenzi uchukue zile za ngozi za kazi, nyembamba za kubana, sio zile nene za kuchomelea maana utashindwa kuhisi klachi na breki. Sio sawa na glavu yenyewe ila ni mbali sana na mkono mtupu. Nilizinunua hizo kwanza, baadaye ndo nikapata za kweli.

Miguu

Ndala na yebo hapana, na najua kijiwe kizima kitanicheka. Buti liwe linapita juu ya enka, soli ngumu ambayo ukishika kisigino na ncha ya mbele ukijaribu kulisokota kama unakamua kanga linakataa. Buti za saiti za ujenzi zinafaa sana na mtumba wake ni wa bei nafuu, hapa mtumba ruksa. Kuna hadithi kwamba chuma cha mbele kitakukata vidole, mimi hiyo naiweka na zile za popobawa.

Kamba za viatu zifunge halafu uchomeke ncha zake ndani ya buti. Kamba ndefu inajizungusha kwenye peda ya gia, unafika kwenye taa, unataka kushusha mguu, mguu hauji. Unaanguka taratibu kabisa mbele ya abiria wote wa mwendokasi, pikipiki imekulalia na ekzosi inakuchoma shavu la mguu. Sio mimi, ni rafiki yangu. Sawa, ni mimi.

Koti na suruali, hapa ndo mitumba inasaidia

Kazi ya koti ni mbili, kukataa kusagika na kubeba vipande vya kinga begani, kiwikoni na mgongoni. Jaketi la pikipiki la kweli ukiligeuza ndani utakuta mifuko midogo kwenye kiwiko na bega yenye vipande vya plastiki au mpira, na vile vya Ulaya vina picha ndogo ya mtu kwenye pikipiki na namba EN 1621, na kando yake kiwango (level) 1 au 2, 2 inakinga zaidi. Mitumba ya Karume pale Ilala nimeyaokota makoti ya hivyo mara mbili, muuzaji hajui ni nini anakwambia "kaka hili la baridi kali, la Ulaya", bei ya koti la baridi. Wewe usimfundishe. Lipa uondoke.

Koti la ngozi la fasheni sio koti la pikipiki. Ngozi ya pikipiki ni nene, zaidi ya milimita moja, nzito, imeshonwa mishono miwili mpaka mitatu na mishono mingine imefichwa. Ile ya harusi na kamera ukiikunja kwenye kidole inakunjika kama karatasi na mishono inapasuka mara ya kwanza inapogusa chini. Shika mshono wa bega uvute kwa mikono miwili, ukiona mwanga kati ya nyuzi rudisha.

Suruali watu wanaisahau wakati goti na nyonga ndo vinalala chini kwanza. Jinzi nzito ni bora kuliko kitambaa lakini asikudanganye mtu kwamba ni kinga, inatoboka haraka sana. Kwa bei nafuu kuna zile gadi za plastiki ngumu za goti na ugoko zinazovaliwa juu ya suruali na mikanda mitatu, seti nyingine inakuja na za viwiko. Zinatisha kidogo, unaonekana kama roboti, lakini unazivua ofisini sekunde kumi na suruali yako iko safi. Mimi hizo ndo navaa mpaka leo. Usichukue zile za sponji za mpira wa wavu.

Reflekta valia juu ya vyote, elfu chache tu, hasa kama koti lako ni jeusi na unarudi usiku.

Joto, najua, Dar hii. Ndo sababu namba moja ya watu kuvua. Tafuta koti la wavu, lile lenye vitundu kifuani, upepo unapita. Siku za Februari loweka fulana na maji, ikamue, ivae ndani ya koti, ukiwa kwenye mwendo unapoa kabisa, ukifika inakaribia kukauka. Kwenye foleni utateseka, hilo sikufichi.

Aliyekaa nyuma

Abiria hana hendeli ya kushika wala haoni kinachokuja, na kwetu ndo anayepanda kichwa wazi. Kama una bodaboda nunua helmeti ya pili yenye povu, sio ile ya maonyesho. Akina dada wanakataa kwa sababu mbili na wana haki, harufu ya vichwa vya watu na misuko waliyoilipia jana. Weka vitambaa vya pamba safi au zile kofia za saluni za kutupa kwenye mfuko wa koti, mpe avae ndani. Yuko dogo kijiwe cha kwetu anafanya hivyo na wateja wa asubuhi wanamsubiri yeye tu wakati wenzake wamekaa.

Dera, kanga na baibui vikunjwe na kukaliwa kabla hujaondoka, geuka uangalie kwa macho usiulize tu "tayari mama?" Nguo ikiingia kwenye spoku au cheni inavuta na mwenyewe. Mtoto asikae mbele juu ya tenki, na mishikaki ya watu watatu hamna vazi litakalowasaidia.

Ukikuta mtu kaanguka

Najua tunavyofanya, tunamnyanyua mzobemzobe, tunamvua helmeti apate hewa, tunamkalisha katikati ya watu wawili kwenye bodaboda nyingine na kichwa kinaning'inia. Hapo ndo shingo iliyokuwa imepata ufa inamalizika. Kama anapumua iache helmeti, fungua kioo tu, elekezeni magari pembeni yasiwapitie, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine apige 112. Kama hapumui, hapo itoke, na inatolewa na watu wawili, mmoja anashikilia shingo na taya kutokea chini, mwingine anapanua helmeti pembeni na kuivuta taratibu imenyooka. Akitapika mgeuzeni ubavu kichwa na mwili vikienda pamoja. Damu inayoruka bonyeza kwa kitambaa na usiachie kila saa kuchungulia. Maji ya kunywa usimpe hata akiomba. Hali ikiwa mbaya hospitali kwanza, mtu mwingine afuatilie PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi.

Na ukiwa wewe mwenyewe umeamka unajiona mzima, kaa chini kwanza. Ile nguvu unayoisikia ni mshtuko. Usiku huo usilale nyumba peke yako, na ukitapika, kichwa kikizidi kuuma, ukiona viwili viwili au watu wakisema unaongea vitu havieleweki, rudi hospitali hata kama asubuhi walikuruhusu. Michubuko ni maji mengi na sabuni, sindano ya pepopunda, sio petroli, sio majivu, sio dawa ya meno.

Kitu cha mwisho ni ile helmeti iliyopigwa. Mimi yangu niliitupa jalalani nzima, na mkanda wake, nikasahau. Kama wiki tatu baadaye mkono bado una bandeji, nimesimama kijiweni, dogo mmoja anampa abiria helmeti, naiangalia naona ule mkwaruzo wa kidevuni, ameupaka rangi nyeusi ya kucha. Povu limeshakufa na mama wa watu anafunga mkanda anashukuru. Nikamwambia dogo naitaka, akadhani nataka kumdhulumu, akasema aliinunua kwa muokota makopo, nikampa elfu kumi na yule mama tukamtafutia nyingine. Safari hii nikaazima kisu cha muuza miwa hapohapo, nikaukata mkanda mbele yao wote.